Wasanii wetu, fungueni riwaya mtunge nyimbo

Mhariri,

Naomba nafasi kwenye ukurasa wa barua niseme jambo ambalo limenikaa moyoni mda mrefu, na nalisema kama mtu wa muziki maana nina studio ndogo hapa Chang'ombe Dodoma, narekodi kwaya, bongofleva, hiphopu na hata wazee wa zeze wakija. Kila siku tunasikia malalamiko redioni na magazetini kwamba nyimbo za siku hizi hazina maana, mashairi mepesi, mapenzi mapenzi tu, umeniacha nimekuacha. Mi simo kwenye kundi la kuwasema vijana. Nakaa nao, nawajua, wana sauti, wana mistari, wanajituma mpaka usiku wa manane. Wanachokosa ni visa. Kijana wa miaka 20 akishaimba alivyopendwa, alivyoachwa na alivyotoka kwenye shida, yamekwisha, maana maisha yake mwenyewe bado mafupi, kinachofuata ni kurudia yale yale kwa biti nyingine. Na visa tunavyo, vimejaa kwenye riwaya zetu za Kiswahili, vimekaa kwenye makabati ya shule na kwenye vibanda vya vitabu vya mtumba, na hamna msanii anayevigusa.

Kwahiyo ninachosema ni hiki, wasanii wachukue riwaya watunge nyimbo, wachukue kwa ustadi na kwa adabu, na wenye vitabu wawafungulie mlango.

Anayeona kutoa wimbo kwenye kitabu ni jambo geni aje Dodoma Jumapili yoyote akae nyuma ya kanisa asikilize kwaya. Hawa watu wanaifanya hiyo kazi tangu enzi za kaseti. Yusufu anauzwa na ndugu zake, Ayubu kakaa majivuni, Yona anaikimbia Ninawi, mwana mpotevu yuko na nguruwe, vyote hivyo ni visa vya kwenye kitabu na waumini wengi walivijua kwa kuimbiwa kabla hawajavisoma. Na mwalimu wa kwaya anayejua kazi yake hakuimbii sura nzima. Ukimpa habari ya Yusufu haanzi na ile kanzu ya rangi nyingi akaja kumalizia na njaa ya Misri, anakupeleka moja kwa moja pale shimoni. Sauti ya tatu na ya nne zinakuwa wale ndugu wanabishana, tumuue, tusimuue, tumuuze, sauti ya kwanza inabaki peke yake ndo mtoto analia kule chini, na sauti ya pili wanaitikia kidogo kidogo kama watu wanaoona lakini wanaogopa kusema. Nimerekodi nyimbo za namna hiyo na nawaambia ukweli, prodyuza huna cha kuongeza, kazi yako ni kuweka maiki vizuri na kunyamaza. Sasa ufundi huo upo hapa hapa kwetu, mbona unaishia mlangoni kwa kanisa?

Niwape mfano wa kilichotokea studio kwangu. Walikuja vijana wawili, binti anaimba na mwenzake anachana, yaani anarap, wakasema wanataka kufanya wimbo wa Rosa Mistika, ile riwaya ya Kezilahabi ya 1971. Nilifurahi sana. Wakaniwekea demo. Vesi ya kwanza Rosa yuko nyumbani Ukerewe, vesi ya pili yuko shule, vesi ya tatu yuko chuo Morogoro anaharibikiwa, mwisho anakufa, na kolasi inasema wasichana jihadharini. Ilikuwa kama notsi za kidato cha nne zimewekewa ngoma. Vina vilikaa, sauti nzuri, lakini moyo haukushtuka hata kidogo.

Nikamwambia dogo, umenieleza mambo yote ila sijamuona mtu hata mmoja.

Akasema, sasa kaka, kitabu kizima nakiingizaje kwenye dakika tatu?

Nikamjibu usikiingize, tafuta mahali pamoja ukae hapo. Tukakifungua kitabu tukarudi mwanzoni, pale Zakaria anapomkuta binti yake na barua ya kijana anampiga kipigo cha kutisha. Dogo akataka aimbe kama Rosa. Yule binti ndo akasema hapana, mimi namtaka mama yake. Akimaanisha Regina, mke wa Zakaria, anayeona mtoto anapigwa ndani ya nyumba yake na uwezo wa kuzuia hana. Jamani, kuanzia hapo kazi ikabadilika. Dogo akatupa vesi zote tatu akaanza upya, na mistari miwili ya kwanza ikatoka hivi:

Barua kaandika mtoto wa watu,
mgongo unaovimba ni wa mwanangu.

Kolasi ya wasichana jihadharini tukaifuta, ikabaki sauti ya Regina anamuita mumewe, Zakaria basi, Zakaria yatosha, Zakaria basi, inarudi na kila ikirudi binti anaishusha zaidi, mpaka mara ya mwisho inakuwa kama mtu anaongea na nafsi yake. Ngoma na besi nikavitoa vyote, nikaacha zeze tu, nilikuwa na zeze nililorekodi kwa mzee mmoja wa Chamwino, tukampigia simu akaridhia na tukamlipa. Siku ya kuingiza sauti kulikuwa na fundi umeme anabadilisha soketi pale mlangoni, wimbo ulipofika katikati akaweka bisibisi chini akauliza, huyo Zakaria ni nani, na huyo binti ilikuwaje baadae? Kitabu hajakisoma, lakini swali aliloliuliza ndo lile lile linalomfanya msomaji afungue ukurasa wa pili.

Hicho kitabu kilivyotoka kilipigwa marufuku mashuleni, wakubwa waliona kinasema mambo ambayo mtoto hatakiwi kusoma, baadae kikaruhusiwa na kikasomeshwa. Kezilahabi hakuandika wasichana jihadharini, alimuweka mzazi mkali mbele yetu tukamtazama mpaka tukajitazama sisi wenyewe, na wimbo ukigeuka mahubiri unakuwa umeitupa kazi yake yote. Hili nalisisitiza kwa sababu vijana wengi wakisikia "wimbo wa kitabu" wanadhani lazima uwe wa kuelimisha jamii, ule wa semina. Hapana. Mwacheni mhusika aseme la kwake.

Wenzetu wa nje walishaligundua hili zamani. Kate Bush wa Uingereza alikuwa na miaka 18 alipotunga wimbo kutoka kwenye riwaya ya Emily Brontë ya mwaka 1847, Wuthering Heights. Kwanza aliona kipande cha mwisho tu cha mchezo wake kwenye televisheni, ndo akatafuta kitabu. Ile riwaya ina vizazi viwili vya watu, ndoa, visasi, urithi wa nyumba na mashamba, yeye akaviacha vyote akachukua mahali pamoja, mzimu wa Catherine uko dirishani usiku unamwomba Heathcliff afungue uingie ndani. Na hakumsimulia huyo Catherine, alikuwa Catherine, ndo maana sauti iko juu vile, ya mtu asiye wa dunia hii. Wimbo ulitoka 1978 ukashika namba moja Uingereza, na hapo ndo kwa mara ya kwanza mwanamke alifika namba moja kule kwa wimbo aliouandika mwenyewe. Kitabu cha miaka 131 kimempa binti mdogo wimbo wa kwanza wa maisha yake ya muziki na watu wakaununua. Sasa mtu aniambie riwaya zetu za juzi juzi zimepitwa na wakati.

Ila kuna njia nyingine pia na siwezi kuiruka, ya kuimba kisa chote. Mwaka 1939 John Steinbeck wa Marekani alitoa riwaya kuhusu familia ya akina Joad, wakulima wa Oklahoma waliofukuzwa na ukame, vumbi na madeni wakaenda California kutafuta vibarua. Mwaka uliofuata, 1940, Woody Guthrie akaona filamu yake akakaa na gitaa akatunga wimbo wa Tom Joad unaokwenda na kisa kuanzia mwanzo mpaka mwisho, mrefu mpaka ikabidi kwenye santuri ukatwe sehemu mbili. Na sababu aliitoa mwenyewe, kwamba kule kwao Oklahoma kuna watu hawana hela ya kununua kitabu wala ya kiingilio cha sinema. Sababu hiyo inanigusa sana. Na haikuishia hapo, 1995 Bruce Springsteen akamrudisha huyo huyo Tom Joad kwenye wimbo mpya kuhusu watu wasio na makazi wa zama zake. Riwaya moja, nyimbo mbili, miaka zaidi ya hamsini katikati.

Sisi wa Ugogo habari ya ukame na vumbi na watu kuhama na mizigo kichwani hatuhitaji kuhadithiwa na mtu wa California. Njaa ya Mtunya, ile ya kuanzia 1917 wakati vita ya kwanza ya dunia inaelekea mwisho, majeshi yalishachukua ng'ombe na nafaka halafu mvua ikagoma, wazee walirithishana habari zake mdomoni. Mwandishi akiiandika riwaya nzuri ya Mtunya, na mwimbaji wa Kigogo akaichukua akaiimba yote kwa zeze na ilimba, ile ya kupigwa kwa vidole gumba, usiku kucha, mimi nitaweka maiki na sitaangalia saa. Na Kiswahili kina utenzi, umbo lililotengenezwa kabisa kwa ajili ya kisa kirefu, kwahiyo anayetaka kuimba kitabu kizima asijibane kwenye vesi tatu na kolasi, aende kwenye utenzi apumue.

Tena watu wetu wamezoea nyimbo zenye visa. Siti binti Saad kule Unguja aliimba matukio ya kweli, kesi za mahakamani na dhuluma za mitaani, akaenda kurekodi Bombay mwaka 1928. Marijani Rajab na bendi ya Dar International aliimba watu wenye majina yao na mikasa yao, mpaka leo ukiweka kwenye harusi wazee wanasimama. Shaaban Robert aliona uzito wa Siti akamwandikia wasifu wake. Mwandishi mkubwa kuliko wote amemfuata mwimbaji mpaka mezani kwake, na waimbaji wetu hawajamfuata mwandishi.

Na soko lipo, hili nalisema kama mfanyabiashara pia. Kuna maelfu kwa maelfu ya vijana waliopita sekondari wakasoma Takadini ya Ben Hanson na Watoto wa Mama N'tilie ya Emmanuel Mbogo kwa ajili ya mtihani wa kidato cha nne. Hawa wote wanamjua Sekai, mama aliyejifungua mtoto mwenye ualbino akakimbia kijijini kwao ili mtoto asiuawe. Msanii akitoa wimbo wa Sekai yuko njiani usiku, mtoto mgongoni, anamuomba asilie watu wasije wakasikia, je kuna kijana aliyesoma shule nchi hii atauliza huyu Sekai ni nani? Watu wanaumiza kichwa jinsi ya kumfanya msikilizaji amjue mhusika, hapa msikilizaji alishamjua tangu darasani na alishamjibia maswali ya insha. Kilichobaki ni kumlilia tu, kitu ambacho mtihani haukumpa nafasi ya kukifanya.

Ndoto yangu kubwa zaidi ni Kusadikika, kitabu cha Shaaban Robert cha 1951. Ile nchi inayoelea hewani, Karama ameshtakiwa na waziri Majivuno kwa sababu anafundisha uanasheria, na kujitetea kwake ni kusimulia habari za wajumbe sita waliotumwa pande zote za ulimwengu, Kaskazini, Mashariki, Kusini, Magharibi, Mbinguni na Ardhini, kila mmoja akarudi na maarifa ya kuisaidia nchi na malipo yake yakawa kifungo. Ukiisoma ukiwa na masikio ya mwanahiphopu unaona kabisa imeshajipanga. Wachanaji sita, kila mmoja mjumbe, kila mmoja vesi moja na safari yake, kiitikio ni Karama yuko mahakamani mbele ya mfalme, na Majivuno anakatiza katikati kwa kuongea tu bila kuimba, sauti kavu. Na biti iwe inabadilika kila safari, ya Mbinguni isiwe na ngoma kabisa, ya Ardhini iwe besi tupu na muheme, ile ngoma ya Kigogo ya kina mama. Nimeshaanza kuwaambia vijana wa Dodoma na wengine wamekichukua kitabu wanakisoma sasa hivi, kwa hiari yao, hakuna aliyewapa mtihani.

Mtu asiseme Dodoma sio mji wa mambo haya. Mathias Mnyampala alikuwa wa Ihumwa, hapo hapo jirani na Mji wa Serikali Mtumba, alizaliwa 1917, mwaka ule ule wa Mtunya. Yeye ndo aliyetupa ngonjera, alichukua shairi lililokuwa linasomwa na mtu mmoja akaligawa kwa watu wawili watatu wanaobishana jukwaani, na baada ya Azimio la Arusha ngonjera zikaenda kila shule ya nchi hii mpaka mtoto wa darasa la tatu anasimama mbele ya mgeni rasmi anajibizana kwa vina. Mwaka 1961 aliandika pia Kisa cha Mrina Asali na Wenzake Wawili. Mimi naona aibu ya mji mzima kwamba hakuna wimbo hata mmoja niliowahi kusikia ukitoka kwenye kitabu hicho, kitabu cha mtu wa kwetu.

Sasa niseme la mwisho ambalo ndo hasa limenifanya niandike. Ule wimbo wa Regina umeshamiksiwa, umekaa kwenye kompyuta yangu, na sitautoa. Kezilahabi amefariki Januari 2020, kwa Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya 1999 kazi ya mwandishi inalindwa maisha yake yote na miaka 50 baada ya kufa, na kugeuza kazi kuwa umbo jingine ni haki yake na ya warithi wake, kwahiyo lazima tuombe. Hata mwanamuziki David Bowie na ukubwa wake alitaka kugeuza riwaya ya George Orwell inayoitwa 1984 kuwa mchezo wa nyimbo, mjane wa Orwell akakataa, ikabidi nyimbo alizokwishaanza aziingize kwenye albamu yake ya 1974 kwa sura nyingine. Na ni sawa kabisa, mwenye kazi ana haki ya kusema hapana.

Shida yetu ni kwamba hatuambiwi hapana wala ndiyo. Tumeandika barua kwa wahusika, tumepiga simu, unaambiwa mtu wa hayo mambo hayupo, piga wiki ijayo, wiki ijayo unaambiwa andika tena. Anayepokea simu hajui wimbo wa riwaya ni kitu gani, anadhani tunataka kuchapisha kitabu. Vijana wamekata tamaa, na nina hofu wengine wataona bora waibe tu, watabadilisha jina la Rosa liwe Rehema watoe wimbo, mwandishi asitajwe, warithi wasipate hata shilingi. Nimeshaona mistari ya washairi wakubwa ikipita redioni hivyo hivyo bila jina la mwenyewe na inaniuma sana, kwa sababu mimi mwenyewe biti zangu zimeshaibiwa najua inavyokuwa.

Wachapishaji, tunawaomba kitu kidogo, kwenye ule ukurasa wa haki za kunakili mnapoandika hairuhusiwi kunakili, ongezeni mstari mmoja, anayetaka kutunga wimbo aombe kwa nani na kwa anuani gani. COSOTA, ofisi ya hakimiliki, watuwekee fomu moja fupi ya Kiswahili ya ruhusa ya namna hii, yenye mgao ulioandikwa wazi, wimbo ukiingiza hela kiasi gani kinaenda kwa mwandishi au familia yake, sisi tutasaini kwa moyo mweupe. Wanaosimamia Tuzo ya Taifa ya Mwalimu Nyerere ya Uandishi Bunifu, mmefanya jambo kubwa la kuwapa waandishi heshima na hela, fikirieni na wimbo uliotokana na riwaya, riwaya iliyoshinda ikipata wimbo mzuri itafika kule ambako kitabu hakifiki, kwenye daladala, kwa mama anayechambua mchicha soko la Majengo, kwa dereva wa lori usiku barabara ya Singida. Na watangazaji wa redio, mkipiga wimbo wa namna hiyo tajeni jina la mwandishi na la kitabu, inawachukua sekunde tano.

Shaaban Robert alifariki 1962, kwa sheria hiyo miaka 50 yake imeshapita, ila jina lake litakuwa mbele kwenye kila nakala tutakayotoa. Kwahiyo wakati tunasubiri majibu ya Rosa Mistika tunaanza na Kusadikika. Mjumbe wa Kaskazini tumempata, wa Mashariki, wa Kusini na wa Magharibi pia, huyo wa Magharibi ni binti wa Chuo Kikuu cha Dodoma, UDOM, anachana vizuri kuliko kaka zake wote. Bado Mbinguni na Ardhini. Mchanaji yeyote wa Dodoma, Singida, Kondoa, Mpwapwa au Kongwa anayeona anaweza, aje Chang'ombe, aulize studio ya kwaya watamuonyesha, ila aje ameshakisoma kitabu chote.

Prodyuza, Chang'ombe, Dodoma